Goma: Mboga ndani ya mifuko, na swali la udongo ni wa nani

Katika kartie ya Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, mtu akitaka kuchimba shimo la choo anaanza na nyundo, siyo na jembe. Chini ni mawe ya volkano. Mahali pengine mawe hayo ni ya zamani sana, hakuna mzee anayekumbuka yalishuka lini. Mahali pengine hata vijana wanaijua siku yenyewe: tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na moto ukasimama pembeni ya mji, upande wa Buhene. Kila mara watu wamerudi, wakajenga nyumba za mbao juu ya jiwe lililopoa, maisha yakaendelea. Nyumba inaweza kusimama juu ya jiwe. Lengalenga haiwezi.

Jambo hilo halikuwasumbua sana wenyeji wa mji miaka mingi. Mboga zilishuka kutoka Masisi, Rutshuru na Kibumba, juu ya magari na juu ya chukudu, na mama wa nyumba alitoka asubuhi na franka zake kununua kifungu cha siku hiyo. Lakini vita vilipozidi kuanzia 2022, wale waliokuwa wanalima mboga hizo ndio walioshuka wenyewe, na watoto mgongoni. Wakajaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Mwanzoni mwa 2025 kambi hizo zikavunjwa. Wengine wakarudi vijijini wakakute nini, Mungu ndiye anajua. Wengine wakaingia mjini, katika nyumba za ndugu au za watu waliowahurumia. Ndivyo ilivyo kwamba katika mji wa mawe leo kuna wakulima wengi wasiokuwa na hata mahali pa kuchomeka jembe.

Mmoja wao ni mama mwenye miaka kama arobaini, aliyetoka katika vilima vya juu ya Sake. Kule alikuwa na shamba la maharage na viazi, na pembeni mwake mistari ya puaro ambayo ilimpa pesa ya sabuni na ya masomo. Hapa Ndosho alipokelewa na shangazi ya mume wake, katika chumba cha nyuma ya parseli. Nyumba ya watu watano ikawa ya watu kumi na mmoja. Shangazi hakulalamika. Lakini mgeni mwenyewe aliona: kila asubuhi unga ukipatikana, kinachokosa ni mboga. Bugali bila mboga watoto wanaigusa tu na kuiacha, hata wakiwa na njaa. Kwa mtu aliyezoea kuvuna mboga nyuma ya nyumba bila kulipa chochote, kuhesabu franka kwa ajili ya lengalenga ni kama kununua maji ya mvua.

Alianza na bidoni moja ya manjano, ile ya lita 20 iliyobeba mafuta ya kupikia, ambayo ilikuwa imepasuka na haishiki maji tena. Aliilaza, akakata ubavu mmoja kwa kisu kilichochomwa katika makala, akatoboa matundu kumi chini, akaweka mawe madogo na udongo juu yake. Hapo tu alitambua shida ni ipi. Mbegu alikuwa nazo. Chombo kilikuwepo. Udongo ndio haukuwepo.

Na hapa inafaa kusema wazi jambo moja kuhusu mafunzo mengi yanayopita katika kartie zetu. Watu wanaitwa, wanaketi kwenye viti vya plastiki, wanafundishwa bustani ya mfuko, wanapewa mbegu katika bahasha na kupigwa picha. Ni kazi nzuri. Lakini katika Goma mbegu siyo tatizo la kwanza. Anayemgawia mhami bahasha ya mbegu juu ya jiwe la volkano, bila kumwambia udongo utatoka wapi, amempa sufuria bila makala.

Mama huyu aliutafuta udongo kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa mbaya: watoto walikwenda kukusanya ule mchanga mweusi unaobaki katika mifereji baada ya mvua. Ulikuja na vipande vya chupa, plastiki, na uchafu ambao si vizuri kuutaja wakati watu wanakula. Aliumwaga wote. Mfereji wa mjini hubeba maji ya vyoo, na kila mtu hapa anajua kipindupindu kinapita njia gani.

Njia ya pili ilikuwa ya kununua. Vijana wa chukudu wanaoshuka na kuni na makala kutoka upande wa Sake wanaweza kuleta mfuko wa udongo mweusi mtu akiwaagiza. Ni udongo wa kweli, ule wa Masisi, unaobaki mkononi ukiufinya na kuachana ukiugusa kwa kidole. Kwa pesa ya kufulia nguo za watu alinunua mifuko mitatu, mmoja mmoja, ndani ya miezi miwili. Kuna jirani aliyemcheka: mtu amekimbia udongo wake, sasa anaununua. Alicheka naye.

Njia ya tatu ni ya polepole, na ndiyo ambayo kila nyumba inaweza: kutengeneza udongo. Nyuma ya jiko la shangazi alizungusha mawe, akafanya shimo la juu lenye upana wa hatua moja. Humo aliweka maganda ya ndizi na ya viazi, maganda ya maharage, majani ya kabichi yanayotupwa sokoni jioni, na safu nyembamba ya udongo alionunua ili mambo yaanze kuoza. Majivu ya jikoni kidogo tu, kiganja kimoja kimoja, maana yakizidi yanaharibu. Mafuta, nyama na mifupa hapana, kwa sababu ya panya na mbwa. Jirani anayefuga mbuzi na dende, wale wanaoitwa simbilisi kwingine, alimpa mavi bure, akafurahi kuona yanaondoka. Rundo lilifunikwa kwa mfuko wa zamani ili mvua isilioshe, likageuzwa kila wiki. Baada ya miezi mitatu hivi lilikuwa jeusi, linanukia kama msitu baada ya mvua.

Wengi wanaharibu kazi hapa kwa haraka. Mavi mabichi ya mbuzi yakiwekwa katika mfuko na mche juu yake siku hiyohiyo, mizizi inaungua na mche unageuka manjano. Halafu watu wanasema mbegu ni mbovu. Mavi lazima yalale kwanza.

Mfuko wenyewe ni ule wa unga au wa mchele wa kilo 50, usio na tundu. Udongo unachanganywa na mbolea hiyo, beseni mbili kwa beseni moja. Katikati ya mfuko unapita mnara wa mawe madogo, kutoka chini mpaka juu, ili maji yafike kila mahali na yasisimame. Kuupanga mnara huo ni rahisi: mkebe uliotolewa kitako unawekwa katikati, unajazwa mawe, pembeni yake unajazwa udongo, kisha mkebe unavutwa juu na kazi inarudiwa mpaka mfuko ujae. Katika miji mingine watu wanatafuta kokoto za kununua. Sisi mlima umetupa bure. Lile jiwe jepesi lenye matundu mengi, ambalo tunalilaani kila siku tunapojikwaa, linafaa sana kwa kazi hii, maana linapitisha maji na halizibi haraka.

Urefu usipite kiuno cha mtoto. Mfuko mrefu unapendeza macho lakini unalala upande mmoja, na sehemu ya chini haipati maji. Matundu ya pembeni yanakatwa kwa wembe, madogo, yakiachana kiganja kimoja na yasifuatane katika mstari mmoja wa juu na chini. Katika matundu hayo mama huyu alipanda miche ya shu, puaro na seleri. Juu ya mfuko alitawanya lengalenga. Chini kabisa, karibu na ardhi, alichomeka vipande vya matembele, ambavyo vilishuka na kutambaa juu ya mawe kana kwamba hapakuwa na shida yoyote duniani.

Lengalenga ndiyo iliyomwokoa kwanza. Mbegu zake ni ndogo kama chembe za baruti, kwa hiyo alizichanganya na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja. Wiki ya tatu mpaka ya nne tayari kuna cha kukata. Yeye hang'oi. Anakata juu, anaacha kisiki cha urefu wa kiganja na majani machache, na mche unachipuka tena mara mbili au tatu kabla ya kutaka kutoa maua. Mche mmoja ulio mnene kuliko wote haukatwi kamwe. Huo ni wa mbegu.

Kwa seleri hakusumbuka na mbegu, maana zinachelewa kuota na mtu anakata tamaa. Alinunua sokoni shina moja lenye mizizi, akatumia majani kwa mchuzi, akapanda kitako. Puaro vilevile: ile sehemu nyeupe ya chini yenye nywele za mizizi, vidole viwili tu, inatosha. Tangu hapo nyumba ile haikununua seleri tena, na mchuzi wa sambaza ulirudi kuwa mchuzi. Pengine mtu atasema majani mawili ya seleri si chakula. Si chakula, ni kweli. Lakini watoto waliokula kambini uji na maharage ya kugawiwa miezi na miezi walisikia harufu ile jikoni, wakasogea wenyewe bila kuitwa.

Vingine vilishindwa. Karoti zilitoka fupi na zilizopinda. Nyanya zilizaa vizuri mpaka mvua kubwa za Aprili, kisha majani yakawa meusi, na ndani ya wiki moja zikaisha zote. Nyanya za mfuko ni bora zipandwe pale penye ukuta na ukingo wa mabati juu yake, zisinyeshewe majani. Kuna pia siku ambazo moshi wa mlima unashuka na mvua inayopita ndani yake inaacha madoa kama ya kuungua kwenye majani. Walio upande wa Rusayo wanalijua jambo hilo kuliko sisi. Siku ya namna hiyo anamwagia majani maji safi asubuhi, basi. Hakuna dawa nyingine.

Na maji? Bomba la Ndosho si la kutegemea, na bidoni ya maji ni pesa au ni safari ya mtoto. Mfuko mmoja wakati wa kiangazi unaomba lita tatu mpaka tano kwa siku, zimwagwe juu ya mnara wa mawe asubuhi na mapema. Mifuko saba, basi, inakunywa bidoni nzima na zaidi. Alichofanya ni kutotupa maji yoyote yaliyooshea mchele, maharage au mboga. Maji ya sabuni nyingi aliyaacha. Juu ya udongo aliweka majani makavu ya ndizi ili jua lisiukaushe. Mvua alizikinga kwenye beseni. Pamoja na hayo yote, mwezi wa Julai alipunguza mifuko mitatu, akaacha tu matembele na puaro zivumilie, maana watoto wake walikuwa wanachelewa shuleni kwa sababu ya bidoni. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Bustani isimfanye mtoto kuwa mtumwa wa maji.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, mawili hayasubiri. Bidoni au ndoo iliyobeba dawa ya kupulizia mashamba, rangi au mafuta ya gari isitumiwe, hata ikioshwa mara kumi. Na mboga ya mfuko, hata kama imekuzwa mlangoni, ioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa na ipikwe, hasa kama ilimwagiliwa maji ya ziwani au ya mahali pasipojulikana. Kipindupindu hakiangalii kama mboga ni yako.

Mifuko saba haikulisha watu kumi na mmoja. Hilo lisemwe, kwa sababu kuna wanaoipamba sana hadithi hii ya mifuko, kana kwamba mhami akipewa gunia hahitaji tena shamba lake wala amani. Mifuko saba ilitoa mboga mara mbili, wakati mwingine mara tatu kwa wiki. Unga ulibaki kununuliwa, na chumvi, na mafuta. Lakini pesa ya mboga ya siku hizo iligeuka kuwa daftari, na mara moja ikawa dawa ya malaria ya mtoto mdogo.

Shida ilikuja kutoka mahali ambapo hakuna aliyeitazamia. Mwezi wa Agosti habari zilifika kwamba watu wa kijiji chake wameanza kurudi na kusafisha mashamba, ili maharage yaingie ardhini Septemba. Naye aliamua kurudi na watoto. Pesa ya gari haikutosha. Akapata wazo: jirani aliyekuwa akiangalia mifuko ile kwa wivu mwaka mzima alikuwa tayari kuinunua yote saba, pamoja na udongo na mboga zilizomo.

Shangazi akakataa. Alisema kwa sauti ya chini, kama watu wazima wanavyokataa: udongo ule ulitengenezwa na maganda ya jikoni kwake, maji ya bomba lake, juu ya parseli yake. Ukiondoka, yeye anabaki na mawe aliyokuwa nayo zamani. Mgeni naye hakupaza sauti, maana huyo ni shangazi ya mume wake, na alimpa chumba wakati ambapo hata ndugu wa tumbo moja walikuwa wanafunga milango. Lakini mgongo uliobeba ni wake. Mifuko mitatu ya kwanza aliilipa kwa mikono iliyochubuka kwa sabuni. Siku mbili hawakusalimiana vizuri, na katika nyumba ya vyumba vitatu siku mbili za namna hiyo ni ndefu.

Wote wawili walikuwa na haki. Kijijini swali hilo halipo, udongo uko chini, mwenye shamba anajulikana. Mjini, juu ya jiwe, udongo umekuwa mali ya kubebwa kama makala, na hakuna desturi inayosema ni wa nani: wa aliyetoa mahali, wa aliyetoa maganda, au wa aliyegeuza rundo kila wiki. Familia zinazopokea wahami na wahami wenyewe wangefanya vizuri kuzungumza hayo siku ya mfuko wa kwanza, wakiwa wanacheka bado.

Shefu wa avenyu aliitwa, akaja jioni, akapewa kiti. Alisikiliza, akauliza mifuko iliyonunuliwa ni mingapi, akaambiwa mitatu. Akasema mitatu ni ya mgeni, auze. Minne iliyotengenezwa hapa ibaki hapa. Kwamba udongo ulikuwa umechanganyika tangu zamani, na hakuna mfuko uliokuwa wa kununuliwa mtupu wala wa maganda matupu, hakujali. Alihesabu mifuko tu. Wote wakakubali, labda kwa uchovu.

Asubuhi jirani alikuja na vijana wawili kuichukua. Mfuko wa kwanza ulitoka salama. Wa pili, walipouinua, ulipasuka: mifuko ya plastiki ikikaa juani mwaka mmoja inakuwa kama karatasi. Udongo wote ulimwagika katikati ya uwanja na kuingia katika nyufa za mawe, na puaro zikalala juu yake. Shangazi ndiye aliyepiga magoti wa kwanza, akachota kwa mikono miwili na kuweka katika beseni. Kisha watoto, kisha mgeni, kisha jirani mwenyewe. Walitumia kijiko kutoa ule wa ndani ya nyufa. Mfuko wa tatu walianza kwa kuuvisha mfuko mpya kutoka chini, ndipo wakaubeba.

Pesa ya gari ilipatikana, siyo yote, shangazi akaongeza iliyobaki. Mama na watoto waliondoka Alhamisi wakiwa na godoro, sufuria mbili, na mbegu za lengalenga zimefungwa katika kitambaa. Mifuko minne bado iko Ndosho. Wiki iliyopita shangazi alipiga simu kuuliza mavi mapya ya dende yalale muda gani kabla ya kuwekwa. Akajibiwa: mpaka yasinuke tena, shangazi, na usisahau kukata lengalenga kabla haijatoa maua.